Nimeuza gari la marehemu Baba, mnunuzi akakataa kamba

Wakuu, salamu kutoka Garsen. Hii imenitokea mwenyewe, na anayedhani natia chumvi aje amuulize Mama.

Baba alifariki mwaka jana, akatuachia station wagon nyeupe. Nyeupe kwa logbook tu, vumbi la huku mnalijua.

Kazi yangu iko Mombasa, na Mama haendeshi. Gari likakaa uani hadi kuku wakaanza kutaga chini yake. Tukakubaliana liuzwe kabla halijawa chuma chakavu.

Ngoja niwaambie kitu kuhusu hilo gari. Mlango wa abiria ulikuwa unafunguka kwa ndani tu. Miaka yote Mama alisimama nje akingoja, Baba ainame juu ya kiti amfungulie. Tulimwambia apeleke kwa fundi, akawa anacheka tu.

Mnunuzi akatoka Minjila, mfugaji wa Kiorma, Mzee Guyo. Alitaka gari la kupeleka maziwa sokoni. Alilikagua kama ng'ombe: akalizunguka kimya, akaligonga ubavuni, akainama kutazama chini. Mechanic aliyekuja naye hakupata nafasi ya kuongea, lol.

Tukamalizana. Nikampa ufunguo pamoja na kamba yake, kamba ya ngozi aliyoisuka Baba mwenyewe, imeshakuwa nyeusi kwa jasho la vidole vyake. Kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba.

Mzee akaifungua ile kamba, akamwendea.

"Mama, shika. Mimi nanunua gari, kamba hapana. Kwetu ng'ombe ikiuzwa, kamba inabaki kwa boma. Kamba ikienda, baraka nayo inaenda."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akainusa. Wakuu, mazishini hakulia. Siku hiyo alilia.

Sisi ni wakulima wa mtoni, ningejuaje mambo ya kamba? Lakini iliniuma kwamba nusura niitoe. Nammiss Baba sana, na siku hiyo nilimmiss zaidi.

Juzi nilikuwa nyumbani. Mzee akapita na mitungi yake ya maziwa, akamwita Mama ampeleke sokoni.

Mama akaenda upande wa abiria, akasimama, kamba mkononi.

"Fungua tu, Mama. Mlango fundi ametengeneza."

Mama hakusogea. Hata sijui kama alisikia.

Mzee akamtazama kidogo. Halafu akainama juu ya kiti, akamfungulia kwa ndani.

Nilichojifunza: kabla hujauza kitu cha mtu wenu, angalia kwanza mnabaki na nini.

Nyinyi wenzangu mlibaki na nini? Andikeni hapo chini, nasoma zote.