Homa ya Wapiga Dawa

Nilianza kazi ya uuguzi katika zahanati ndogo pale Masimba, kisha nikaajiriwa na kampuni ya majani chai karibu na Nyansiongo. Siku ya kwanza meneja wa shamba alinikabidhi koti jeupe na rejista, daftari la kuandikia dalili na ugonjwa wa kila mfanyakazi. Nilijiona nimefika.

Wiki ya tatu akaletwa Ombati. Alikuwa mpiga dawa, mmoja wa wale wanaobeba pampu mgongoni na kunyunyizia sumu ya wadudu. Mate yalimtoka, mikono ikimtetemeka, mboni za macho zimesinyaa. Niliandika: sumu.

Jioni meneja alikuja mwenyewe. "Sista, wanunuzi wa ng'ambo wanakagua hiki kitabu. Andika homa."

"Lakini bwana meneja, wapiga dawa hawana glavu wala barakoa."

"Vifaa ni gharama. Hili ni soko huria, anayepandisha gharama anafunga shamba. Unataka watu wote hawa wakose kazi?"

Nilifuta neno sumu, nikaandika homa. Wenzake Ombati walipoletwa, niliwapa dawa ya kuondoa sumu, na kwenye rejista nikawaandikia homa. Nikafanya hivyo miaka mingi.

Hatimaye wafanyakazi waliandamana hadi langoni kudai glavu na barakoa, meneja akawajibu kwamba hili ni soko huria. Mbele alikuwa Kemunto, mke wa Ombati. "Soko huria!" alipaza sauti. "Huria ya nani, ikiwa mume wangu hawezi kushika kikombe?"

Aliniona dirishani, akasogea. "Sista, wewe ndiye ulimtibu. Toka uwaambie."

"Watanifuta kazi, mama."

Akarudi kwa wenzake.

Afisa wa kazi alipokuja kuchunguza, aliomba rejista. Aliipekua yote, akasema hakuona mgonjwa hata mmoja wa sumu. Malalamiko yakaishia hapo. Mwandiko wangu ndio uliowashinda.

Sasa nimestaafu, naishi Nyanchwa. Ninyi vijana mnaovaa koti hilo leo, mimi sina cha kujisifia kwenu. Nilitibu vizuri, nikaandika uongo.

Mwaka jana nilikwenda kwa Ombati. Kemunto alikuwa akimnywesha uji. Nikawaeleza yote, na kwamba niko tayari kuapa mbele ya wakili.

Ombati alimeza polepole. "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa nakutetea," alisema. "Kila walipokulaumu, niliwaambia sista hakujua."