Kifua cha Mama, Kifua cha Baba Mdogo

Nimeishi Tunduma, Songea na Kyela, na kote huko nilitembea na neno moja la nyumbani: mbepo, pumzi ya watu. Kwetu Kisiba waliamini kwamba ukiwakosea majirani, hasira yao inakuingia kama baridi na kukubana kifua. Mama alibanwa kila msimu wa ukungu. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, akasimama mbele ya majirani akasema shemeji yake ana lake moyoni, ndiyo maana pumzi yao imempata.

Mama akapika, akawaita, akaomba msamaha wa kosa ambalo hakuna aliyeweza kulitaja. Wakala wakashiba. Ukungu uliporudi, akabanwa tena.

"Hakutubu kwa moyo," alisema baba mdogo, na migomba yetu akaichukua. Mama alifia kwao Suma. Mimi nikaanza kuhama miji.

Nilipovuka arobaini kifua changu nacho kikaanza kulia. Daktari mmoja Mbeya alinieleza kwamba kila chembe ya mwili inabeba maagizo yaleyale ya kurithi, ila si yote yanayosomwa. Kwa pumu kama yangu, vumbi na unyevunyevu huzifanya chembe za njia ya hewa zifungue maagizo ya kutoa kemikali zinazoita aina fulani ya chembe nyeupe za damu. Njia inavimba, inajaa makohozi. Dawa ya kuvuta inaingia ndani ya chembe na kuyafunga maagizo hayo.

"Nani kwenu alikuwa nayo?" aliuliza.

"Mama."

Nilitoka pale na hasira zaidi kuliko nilivyoingia. Dawa ambayo ingemsaidia mama ilienea kiganjani.

Mwaka huu nimerudi. Baba mdogo, aliyevuta tumbaku maisha yake yote, sasa anahema akitoka kitandani hadi mlangoni, na majirani wameanza kunong'ona. Nilimpeleka hospitali Tukuyu mwenyewe, nisikie kwa masikio yangu. Daktari akasema yake ni pumu ya aina nyingine: moshi umeamsha maagizo mengine, yanayoita chembe nyeupe nyingine, na dawa kama yangu haitamfaa sana. Sitaficha, nilifurahi.

Tulipokaa kupumzika Bulyaga, mtaa wa hapo Tukuyu, akanishika mkono.

"Mwanangu, umesikia. Ni chembe tu. Kawaeleze wale watu. Umefika kidato cha nne, watakusikiliza."

"Kwani wanasemaje?"

"Wanasema nina langu moyoni."

"Unalo?"

Akakohoa kwanza. "Acha utani na mzee."

"Nitawaeleza, baba. Waite palepale ulipowaita siku ile. Ila utaanza kusema wewe, na utaanza na mama."

"Mama yako alishakufa."

"Ndiyo maana hawezi kujisemea."

Akauachia mkono wangu. Nikamnunulia dawa zote alizoandikiwa, maana nataka awe na pumzi ya kutosha siku atakaposimama. Kisha nikapanga chumba hapohapo Bulyaga, mimi ambaye begi langu halijawahi kufunguliwa lote.

Majirani wa Kisiba wakija sokoni huniuliza mzee anaumwa nini. Nawajibu kwa upole kabisa: "Muulizeni mwenyewe."