Mtangazaji wa Stesheni Aomba Nafasi ya Uzamivu

Kwa miaka mingi, mtu akishuka treni katika mji wetu wa Gorna Oryahovitsa, sauti ya kwanza kumpokea ilikuwa ya Zlatina Gencheva. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba treni ya Varna inaingia reli ya tatu, ya Sofia imechelewa, na ya Ruse iko tayari kuondoka. Wengi walimjua kwa sauti bila kumjua kwa sura. Akienda sokoni kununua jibini na kufungua mdomo, watu waligeuka kumtazama, na mmoja wawili wakaangalia saa.

Mimi nilikuwa nakata tiketi chini ya chumba chake, na mchana tulikula pamoja. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kuambiwa. Binti yake alikuwa ameshaolewa Burgas, na yeye mwenyewe shahada ya pili ya mawasiliano alikuwa ameipata ukubwani, kwa kusoma siku zake za mapumziko. Sasa alitaka kuomba nafasi ya uzamivu katika fani hiyohiyo. Nilimuuliza kama watampandisha cheo. Akasema hapana. Basi ya nini? Alimenya yai lake taratibu, kisha akaniambia kuna jambo limemkaa rohoni siku nyingi: yeye husema kitu kwenye kipaza sauti, na watu kule chini wakafanya kingine.

Mumewe Dobri, fundi wa breki kwenye karakana ya reli, hakuwa na neno. Mwenye maneno alikuwa mama mkwe, Bibi Penka, aliyeishi nao. Siku ambayo habari ilimfikia walikuwa uani wanachoma pilipili hoho za lyutenitsa, ule mchuzi mzito wa kuweka akiba, moshi umejaa hadi kwa majirani, nami nimekaa nao nikimenya zilizoiva.

"Nasikia utaitwa daktari," Bibi Penka akasema bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Daktari wa nini, mkwe wangu?"

"Wa mawasiliano, mama."

"Aa. Kwa hiyo kiuno kikinishika, utanitangazia."

Dobri alicheka mpaka pilipili zikaungua. Zlatina naye alicheka, akaendelea kukoroga. Lakini nilimwona baadaye akinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kuomba nafasi hiyo si kujaza karatasi tu. Unaandika andiko la utafiti unaotaka kufanya, unatafuta profesa atakayekubali kukusimamia, ndipo unafanya mtihani wa fani na mtihani wa lugha ya kigeni. Zlatina aliandika kila alichokijua kuhusu matangazo ya stesheni: bibi harusi aliyepanda treni isiyo yake, askari aliyelala juu ya mzigo wake, wanakwaya walioachwa wote isipokuwa kiongozi wao. Akapanda basi hadi chuo kikuu cha Tarnovo kumwona Profesa Kalina Vutova, mwanamke mwembamba mwenye nywele za mvi, aliyesoma andiko lote palepale huku mgeni wake akisubiri.

"Bi Gencheva, nimecheka mara mbili, na mimi si mtu wa kucheka," profesa alisema. "Lakini swali lako liko wapi?"

"Swali gani, profesa?"

"Swali usilolijua jibu lake. Humu ndani kila kitu unakijua tayari. Sasa utafiti wa nini?"

Alirudi amekasirika. Aliniambia yule mama hajawahi kusubiri treni maishani mwake, na kwamba andiko atalitupa. Siku kadhaa alikula chakula chake peke yake huko juu, nami nikamwacha, maana namjua.

Kisha ukaja ule mchana wa dhoruba. Mti ulikuwa umeangukia njia, ratiba ikavurugika, na Zlatina akatangaza kwamba treni ya Varna imehamishiwa reli ya kwanza. Upepo ulimeza nusu ya maneno. Akarudia, halafu akasimama dirishani kutazama, jambo ambalo kwa kawaida hakuwa na nafasi ya kulifanya. Watu hawakuinua hata vichwa kusikiliza. Waligeukiana. Mwanamke mwenye kapu alimuuliza jirani yake, jirani akamwambia mwenye kofia, mwenye kofia akawageukia wengine, habari ikapita kama mkate unavyopita mezani, kila mtu akimega kidogo. Wa mwanzo walikimbilia reli ya kwanza. Habari ilipofika mwisho wa jukwaa, treni ilikuwa imefutwa kabisa, na familia moja ikatandika kitambaa kwenye benchi na kufungua banitsa yao, andazi la jibini.

Zlatina aliteremka ngazi mbiombio, akawaambia mwenyewe kwamba treni ipo na wakimbie. Mzee wa familia ile aliendelea kukata banitsa. Akasema wameshaambiwa na yule bwana mwenye kofia, na anaonekana mtu makini. Ilibidi mimi niache dirisha langu na kuja kumuunga mkono ndipo wakakunja kitambaa.

Alipofika kwangu alikuwa ameloa chapachapa, lakini uso wake ulikuwa umechangamka.

"Shoga, nilidhani mimi ndiye ninayetangaza," akasema. "Kumbe mimi naanzisha tu. Wanaotangaza ni wao. Sasa wanachaguaje wa kumwamini? Mimi sijui. Miaka yote hii, na sijui."

Andiko la pili lilikuwa fupi kuliko la kwanza. Bibi harusi na wanakwaya walitoka wote. Profesa Vutova hakulisifu. Alimpa rundo la vitabu na kumwambia asome vyote kabla ya mtihani, na kwa Zlatina hiyo ilikuwa sifa tosha. Tangu hapo alisoma popote: kati ya treni na treni, kwenye foleni ya duka la dawa, jikoni huku supu ikichemka. Kifaransa cha shuleni alikifufua kwa kuzungumza na paka, akidai paka hasahihishi.

Asubuhi ya mtihani, Dobri alikuwa tayari na gari. Bibi Penka akatoka na birika la shaba, akamwaga maji kizingitini ili mambo ya mkwewe yatiririke. Safari hii hakutania.

"Kanyaga, usiruke," akamwambia. "Na ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Uongo haukukai usoni."

Ushauri ulifaa. Katika mtihani wa mdomo aliulizwa juu ya nadharia ambayo hakuwahi kuisikia, akasema hivyo, wakampa swali jingine akalijibu vizuri. Kifaransa alikipita kwa chupuchupu. Nafasi ya kusoma muda wote ilichukuliwa na kijana mmoja wa Sofia aliyemshinda wazi, naye Zlatina hakuona haya kulisema. Yeye alipewa ile ya wanaosoma huku wakifanya kazi. Aliniambia hata angepewa achague, angechukua hiyohiyo, kwani angeondokaje stesheni wakati swali lake liko jukwaani?

Jumapili walinialika. Bibi Penka alikaanga samaki, akafungua lyutenitsa ya mwaka ule, na kumpakulia mkwewe kwanza, kabla ya mwanawe. Vitabu vilikuwa vimesogezwa kwenye ukingo wa dirisha, karatasi zikichungulia katikati ya kurasa. Dobri alimuuliza vitaisha lini. Zlatina akasema havitaisha upesi, akamega mkate, akaendelea kula.