Kijana Aliyeficha Mikono

Tulikwenda kutazama wanyama. Ndivyo tulivyowaambia majirani zetu wa Mabawa, mjini Tanga, na hawakuona ajabu, maana ilikuwa siku ya pili ya Idd na katikati ya miaka ile ya hamsini watu wengi wa mjini walipanda gari la Pangani, wakashuka karibu na Kigombe, wakaenda kwa Bibi mmoja wa Kizungu aliyefuga wanyama walioumia porini. Ukweli ni kwamba sisi tulikwenda kumtazama mtu. Kijana aliyekuwa akiwalisha wanyama wale alikuwa ameleta posa nyumbani kwetu, anioe mimi, na baba alikuwa hajajibu.

Wanaume walikwisha kumchunguza kwa njia zao. Waliuliza msikitini, wakauliza kwa watu wa kwao, wakarudi na habari nzuri. Ulibaki upande wa wanawake, na kwetu upande wa wanawake ulikuwa mtu mmoja tu, shangazi yangu. Mama alifariki nikiwa mdogo, shangazi akanilea, na baba hakuwa na desturi ya kumpinga dada yake mkubwa. Akisema kijana hafai, posa ingerudishwa bila maneno mengi. Mimi nilichukuliwa kwa sababu haikufaa niachwe nyumbani peke yangu. Hakuna aliyeniambia tunakwenda kwa nani, lakini nilijua. Msichana wa rika langu alijua kila kilichosemwa kwa sauti ya chini.

Mahali penyewe hapakuwa na fahari yoyote. Palikuwa na nyumba ya bati pembeni mwa shamba la mkonge, na nyuma yake vizimba vya miti na waya. Watu walikwenda wakitegemea simba, wakaonyeshwa kobe. Kulikuwa na nyani mwenye mkono mmoja, ule mwingine ulikatwa na mtego, na mwewe aliyesahau kuruka, na fisi mchechemeaji ambaye shangazi alimpita akiwa amegeuza uso na kusoma dua. Bibi wa Kizungu alitoka amevaa suruali, akatusalimu kwa Kiswahili chake cha shambani, akatuacha tuzunguke wenyewe. Nilichoka upesi. Wanyama wengi walikuwa wamelala, na mnyama aliyelala hana la kumwonyesha mtu.

Kisha kijana akatokea nyuma ya banda la mwisho. Alikuwa mrefu, amevaa kaptura na shati la kaki lililopauka. Alipotuona alisimama ghafla, nadhani alimtambua shangazi. Akaja hatua chache, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema, na akamnyooshea mkono, ameufunika kwa ncha ya buibui kama ilivyokuwa heshima yake kwa wanaume, ili kijana aushike na kuubusu.

Kijana hakuushika. Aliweka mikono yake nyuma, akarudi hatua moja, akasema, "Samahani, mama. Nakuja sasa hivi." Akageuka akaenda zake.

Mkono wa shangazi ulibaki hewani. Sijapata kuona aibu ya namna ile tena, na nimeona nyingi. Aliurudisha taratibu ndani ya buibui, akatafuta benchi lililokuwa kivulini, akakaa akitazama barabarani gari lipite saa hiyo hiyo aondoke. Mimi niliona uchungu, si kwa ajili yake, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimemwona kijana kwa muda wa salamu moja na tayari posa imekufa.

Nikasema naenda kuwatazama paa. Nilizunguka banda la mwisho, na kupitia nafasi za miti nikamwona amechuchumaa kwenye bomba. Kando yake palikuwa na chupa ya maziwa yenye chuchu ya mpira, na mtoto wa nguruwe mwitu, mdogo, mwenye mistari mgongoni na bendeji mguuni. Mdomo wake ulikuwa bado unadondosha maziwa. Alikuwa anataka kurudi mapajani, na kijana anamsukuma kwa kiatu, polepole, asimwumize.

Kwenye bati karibu na bomba palikuwa na udongo safi uliochekechwa. Kijana akauchota, akauchanganya na maji, akajisugua mikono mpaka kwenye viwiko. Kisha akaosha kwa maji matupu, tena na tena, midomo ikihesabu, mpaka zikatimia mara saba kama tulivyofundishwa sote chuo cha Kurani kuhusu najisi ya nguruwe. Hakuharakisha. Shangazi yangu alikuwa amekasirika huko nje, na yeye lazima alijua, lakini hakupunguza hata mara moja katika zile saba. Hakujua kwamba namtazama.

Aliporudi kwa shangazi mikono ilikuwa inatiririka maji. Shangazi hakuitoa yake. Tulirudi Tanga na gari la kwanza lililotokea.

Kesho yake baada ya alasiri baba alikaa uani na kahawa yake, akamwuliza.

"Hana adabu," shangazi akasema. "Mtu mzima anampa mkono, yeye anaficha wake. Kiburi hicho akipeleke kwingine."

Baba akakizungusha kikombe. "Basi nitamwambia ami yake aliyeleta posa."

Nilikuwa napepeta mchele karibu na jiko. Sikupaswa kuwa nasikia, sembuse kusema. Nikasema, "Mikono yake ilikuwa na najisi, baba."

Wote wawili wakanigeukia. Nikaeleza niliyoyaona, na nilipofika kwenye jina la mnyama shangazi akaziba mdomo kwa kanga. Kwetu jina lile halikutajwa ndani ya nyumba.

"Na huyo ndiye unayemtetea?" akasema. "Nilidhani ni mtovu wa adabu, kumbe ni mlezi wa wanyama hao! Afadhali ungenyamaza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwondolea kosa dogo nikampachika kubwa. Nikauweka ungo chini.

Baba akauliza, "Aliosha vipi?" Nikamwambia. Akauliza kama palikuwa na mtu anayemwona. Nikasema hapakuwa na mtu ila mimi, naye hakujua. Baba akakiweka kikombe chini, na nilimwona anamfikiria kijana yule vizuri zaidi kuliko alivyopata kumfikiria.

Shangazi naye aliona baba anaanza kulainika. "Haya, mikono ameosha," akasema. "Na nguo je? Kila siku anarudi nyumbani na nguo za namna hiyo. Nani atazifua mara saba? Maji yenyewe ya kupanga foleni bombani. Nani atayachota?"

Baba akanitazama. "Shangazi yako anauliza."

Siku zile msichana akiulizwa habari za mume alitakiwa kuinamisha uso na kukaa kimya, na kimya chake ndicho kilichokuwa ndiyo. Lakini swali lenyewe lilikuwa la maji, na kwa swali la maji kimya kingekuwa hapana.

Nikasema, "Nitachota mimi."

Shangazi akainuka, akaingia ndani. Baba aliitazama kahawa yake, akaimaliza, akaniambia nimalize mchele. Ijumaa posa ikajibiwa.

Harusi shangazi aliisimamia yeye, tangu upishi mpaka nguo, kwa sababu asingekubali isimamiwe vibaya. Lakini nyumbani kwangu hakunywa maji mpaka alipofariki. Alikuja na chupa yake, akakaa, akaongea vizuri, akaondoka nayo. Nilimpenda hata hivyo, na sikumwomba abadilike.

Wiki ya kwanza ya ndoa nilitayarisha ndoo na udongo wangu uani. Mume wangu alirudi kazini amevaa kanzu safi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu, tukiwa tunakula, nikamwuliza ziko wapi nguo za kazi. Akasema zinabaki kazini, huzifua mwenyewe kule kule kila jioni, tangu zamani, hajapata kumpa mtu mwingine taabu hiyo.

Nilikasirika. Nilimwambia kuwa kwa ajili ya maji hayo nilifungua mdomo mbele ya baba na shangazi, na shangazi aliondoka uani, na leo naambiwa hayahitajiki.

Aliacha kula. Akaniuliza lini nilisema hayo. Nikamwambia ni kabla posa haijajibiwa, wakati inakaribia kurudishwa.

"Ulisema wewe?"

"Nilisema mimi."

Alilirudisha tonge sahanini, akanitazama. Mpaka siku ile, nadhani, alikuwa akiamini kwamba aliyempa mke ni baba yangu.