Jumamosi Nne Langoni kwa Mama Mkwe

Binti yangu alipokuwa na miaka mitano, korti ilinipa Jumamosi mbili kwa mwezi. Amri ilisema nimchukue saa tatu asubuhi pale anapoishi na mama yake, nimrudishe Jumapili saa kumi jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Kitengela, na sijawahi kusoma karatasi yoyote kwa makini kama ile. Niliitia kwenye plastiki, nikawa natembea nayo kama kitambulisho.

Mama yake alikuwa amerudi kwao, nje kidogo ya mji wa Kajiado, kuishi na mamake mjane. Tuliachana vibaya, kwa maneno mengi, na mengi yalitoka kinywani mwangu. Hasira zangu ni za karibu, sikatai. Siku ile ya amri tuligombana tena tukiwa bado nje ya korti, nikaifunga namba yake kwenye simu yangu, asinipigie wala ujumbe wake usinifikie. Nikajiambia kuanzia leo yeye na mimi tutaongea kwa karatasi.

Jumamosi ya kwanza nilifika saa tatu kamili. Lango lilikuwa na kufuli kwa ndani. Nikapiga hodi, nikaita jina la mtoto. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni, na viatu vyake vidogo vilikuwa mlangoni, nikaviona kwa macho yangu. Hakuna aliyejibu. Nikarudi Kitengela na biskuti nilizomnunulia, nikazila mwenyewe nikinung'unika. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Miezi miwili ikakatika sijamshika mwanangu mkono. Jirani mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na lango aliniangalia kwa huruma, akafungua mdomo kama anayetaka kuniambia jambo, kisha akasema tu kwamba mvua imekataa mwaka huu.

Nilimwendea wakili wangu nikiwa nimejaa hasira. Ni mama wa makamo, mpole, asiyependa kelele. Nikamwambia Jumatatu naenda kumchukua mtoto shuleni, liwalo na liwe.

"Ukifanya hivyo utakuwa umenipa kesi mbaya," akasema. "Leo wewe ndiye umekosewa. Kesho utakuwa wewe ndiye umemwiba mtoto."

Akanieleza njia zilizopo. Naweza kwenda kwa afisa wa watoto, atuite pande zote mbili tuongee. Naweza kurudi kortini na kusema amri imekaidiwa, na mama wa mtoto akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini au kufungwa. Naweza pia kuomba amri yenyewe ibadilishwe kama haitekelezeki. Lakini korti haiendi kwa uchungu wa mtu, inataka ushahidi: tarehe, saa, picha ya lango, shahidi, na uthibitisho kwamba mwenzangu aliipokea ile amri.

Kati ya yote hayo sikio langu lilishika neno moja tu, kufungwa. Naona haya kuliandika, lakini lilinipoza moyo kama maji baridi. Nilikuwa tayari mama wa mwanangu alale jela ili nami nionekane nina haki.

Kiapo kikaandikwa, ombi likapelekwa. Hakimu alipolisoma hakutaka kulisikiliza siku hiyo. Akasema kwanza tukaonane na afisa wa watoto, tukishindwana turudi kwake. Nikaenda nimekunja uso, na dada yangu mkubwa akanisindikiza ili nisije nikafungua mdomo vibaya.

Mama wa mtoto alikuja na mamake. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mama mkwe alifika mlangoni, akaniona nimekaa ndani, akajifunika shuka usoni na kurudi nyuma. Akakataa kabisa kuingia. Nikamwambia afisa, "Unaona? Hata hapa wanatoroka."

Afisa alikuwa mtu wa huko huko, anayejua mila zao. Alinitazama, akajizuia kucheka. "Kijana, hebu toka nje, simama pale chini ya dirisha," akasema. "Huyu mama hawezi kukaa nyumba moja na wewe."

Basi nikatoka kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani, nikasikiliza kesi yangu kupitia dirishani. Mama mkwe alipoingia alizungumza polepole.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Nitamtokea aje langoni nimpatie mtoto mkono kwa mkono? Hiyo ni aibu. Nilikuwa nangoja alete mama yake, ama dada yake, ama hata mwanamke wa jirani. Yeye anakuja peke yake kila siku, anaita kama mtu wa kusoma mita ya stima."

"Lakini Mama, hawa waliachana," afisa akamkumbusha.

"Waliachana hao wawili," akajibu. "Mimi sikuachana na mtu."

Miezi miwili nilimwita adui, na yeye alikuwa amejificha kwa kuniheshimu. Kisha nikasikia sauti ya mama wa mtoto, imechoka. "Mimi siku hizi Jumamosi niko kazi, kwa shamba la maua huko Isinya. Nilimtumia message mpaka nikachoka. Nikamwambia aje na dadake. Hajibu."

Dada yangu alitoa kichwa dirishani, akaniangalia. Nilipomsimulia mama yangu jioni, hakunihurumia hata kidogo. "Hata kwetu mkwe aliheshimiwa hivyo," akasema. "Ni wewe tu hukuuliza."

Niliondoa lile ombi la kumshtaki, na sote wawili tukaomba amri ibadilishwe. Sasa inasema mtoto atapokewa na dada yangu, au mwanamke mwingine wa familia yangu. Hakimu aliisoma mara mbili, akauliza kama tumekubaliana kwa hiari, akatia sahihi. Namba ya simu niliifungua palepale kwenye korido, na nikamwomba mama wa mtoto msamaha mbele ya wakili. Alisema sawa. Ilinitosha.

Jumamosi iliyofuata nilibaki kando ya barabara, dada akaingia. Alikaa sana, maana alipewa chai na hakuna wa kuharakisha chai ya huko. Mwishowe binti yangu akatoka, akaja mbio, akafika mbele yangu akainamisha kichwa nikiguse kwa salamu, kama Koko, nyanya yake, alivyomfunza. Nilikigusa, mkono ukakataa kutoka.

Njiani tuliteremka Isinya tule chapati na maharagwe. Nikamwambia, "Baba alikuwa anakuja, unajua? Nilidhani hamko."

"Tulikuwa," akasema, akipuliza maharagwe. "Nilikuwa nakusikia. Koko alikuwa ananishika mkono, anasema ngoja, mtu wa kukuchukua atakuja. Mimi nilikuwa nataka uite tena, lakini wewe unachoka haraka."