Neno Moja la Chapchap

Ofisini tulimwita Chapchap, na jina lilimkaa. Kazi za waandishi wote wa programu zilipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyeziunganisha kwenye mfumo unaotumiwa na hospitali, na kila muunganisho huandikiwa ujumbe wa kueleza kilichoingia na kwa nini. Ujumbe wake ulikuwa neno moja tu: "Tayari." Nilimsema hadi mdomo ukaniuma. Alinicheka.

"Kaka, wewe andika insha, mimi niache nifanye kazi."

Jumatatu asubuhi alipigiwa simu na mdogo wake, muuguzi wa wodi ya watoto. Chapchap huongea na simu kwa spika, kwa hiyo ofisi nzima tulisikia.

"Dada, kompyuta yenu inaniambia nimpe kichanga dawa ya degedege, kipimo cha mtu mzima! Nimeshika sindano hapa. Imeanza lini hii? Kuna watoto tumeshawapa na kuwaruhusu nyumbani!"

Chapchap akafungua orodha ya miunganisho. Tayari. Tayari. Tayari. Ukurasa kwa ukurasa, hakuna hata mmoja uliotaja dawa wala watoto.

"Dada, nakuuliza, imeanza lini?"

"Subiri kidogo, mdogo wangu."

"Nisubiri nini? Si wewe uliyeiweka?"

Tukagawana, tukawa tunafungua mmoja mmoja, macho yametutoka. Aliyeupata ni Chapchap mwenyewe. Wenzetu wawili walikuwa wamebadilisha mstari uleule, mmoja akiweka kipimo cha watoto, mwingine akirekebisha cha watu wazima, na mfumo ukamtaka achague. Akachagua cha watu wazima, akaandika neno lake, akaenda zake kula. Ijumaa mchana, jamani!

Alimtajia muuguzi siku, akamweleza kuwa yeye ndiye aliyechagua kati ya vipimo viwili, kisha akarekebisha ule mstari. Wodi ikaanza kuwatafuta wazazi. Sisi tulikaa tu, hakuna aliyegusa kazi, hadi simu ilipolia tena.

"Wamempata wa mwisho," muuguzi alisema. "Mama yake alidhani kalala tu. Anapumua, ila hawajaweza kumwamsha."

Chapchap akaufungua tena ujumbe wake wa Ijumaa: Tayari.

"Dada, mama wa mtoto yuko hapa mbele yangu. Anauliza aliyechagua alichagua kwa sababu gani. Nimwambie nini?"