Khanga, Lenzi na Uso wa Mwali

Mwaka ule tulikula mihogo mpaka watoto wakawa wanaiota. Mahindi yalikauka shambani kwetu Magindu. Asubuhi mihogo kwa chai, mchana mihogo kwa kisamvu. Mchele kidogo niliokuwa nao nilikataza mtu asiuguse. Ulikuwa wa kumrushia mwali.

Mwali mwenyewe ni mjukuu wangu mdogo, aliyewekwa ndani Kisarawe. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi za ndani Muscat na hakupewa ruhusa ya kuja. Akatuma sauti kwenye simu: "Nataka picha ya uso wake pale pale khanga inapofunuliwa. Za kupozi baadaye sizitaki." Kazi ikamwangukia mjukuu wangu mkubwa, dada wa mwali, mpiga picha za harusi ninayeishi naye Sofu, Kibaha.

Akaanza kujaribia kwangu lenzi yake mpya, nene kama mchi. Nikaisogelea hadi puani, maana mimi kitu nisichokiona vizuri nakiweka karibu.

"Bibi, rudi nyuma. Ukiwa karibu hivyo haikuoni."

"Sirudi nyuma hata hatua moja. Jicho gani hilo halimwoni mtu aliye mbele yake?"

Akacheka, akanipa nichungulie. Nusura niiangushe. Kuku wa jirani alikuwa kule mbali, nikazungusha pete moja ya lenzi, akaja mpaka kwangu, na mimi sijainuka mkekani. Ila alikuwa na ukungu. Nikazungusha pete ya pili, manyoya yakaonekana moja moja, lakini kamba ya nguo iliyokuwa mbele yake ikayeyuka kama samli. Nikarudisha: kamba ikanyooka, kuku akayeyuka.

Hapo nikaelewa. Pete moja inavuta, nyingine inachagua umbali wa kuonekana. Ni kama kutunga uzi: ukikazia macho tundu la sindano, ukuta huuoni. Siku hiyo sikupika. Nilishinda navuta majirani.

Siku ya kumtoa mwali, mjomba wake alimbeba mabegani, kafunikwa gubigubi. Wanawake walijaa, dada mtu akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, mbali. Khanga zao zikapepea kati yake na mwali. Nikamwona anashusha kamera.

"Bibi, inakamata khanga! Kila nikimlenga yeye, inakamata khanga!"

"Izime hiyo ya kujitafutia umbali yenyewe," nikampigia kelele. "Zungusha kwa mkono. Nilenge mimi."

Kwetu mwali hufunuliwa ubavuni mwa bibi yake, bega kwa bega, si pengine. Umbali wangu ndio umbali wake. Akanilenga, akazungusha taratibu, akainua dole gumba. Sasa nikisogea tu, mwali anayeyuka kama yule kuku. Kungwi akanisukuma niwapishe wachezaji. Nikamkanyaga kidole, nikabaki pale pale. Mwali akashushwa ubavuni mwangu, khanga ikafunuliwa, nikarusha mchele wangu wote.

Jioni binti yangu akapiga simu, analia huku anacheka. Kwenye picha aliyotumiwa ameona punje ya mchele kwenye kope za mwanawe.

"Ila na wewe mama, bega lako limeziba mkufu wake. Siku nyingine si urudi nyuma kidogo?"

"Sirudi nyuma hata hatua moja."